Orville Stenzel na Jicho la Gadi wa Wabash Bend

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Orville Stenzel wa Kokomo, hapa hapa Indiana. Alikuwa msaka vipaji wa mpira wa kikapu kwa miaka thelathini na mmoja. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Mzee huyu alikuwa mnung'unikaji, na binti yake, Janelle, ameomba tusilifiche jambo hilo. "Mkimfanya baba mpole hewani," alisema, "Kokomo nzima itazima redio."

Basi hatutamfanya mpole. Orville alichoshwa na makocha wanaowasifu wachezaji wao kama wauza magari. Alichoshwa na kahawa ya viwanjani, akaitukana, akaongeza kikombe. Zaidi ya yote alichoshwa na watu wanaotazama bila kuona.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka vyuoni na kuandika: huyu anafaa timu za kulipwa, huyu hafai. Kila Juni timu hizo huchagua vijana, moja baada ya nyingine. Mwaka wa kisa hiki, timu iliyomwajiri Orville ilikuwa ya tisa kuchagua. Bosi wake, Rick Halvorsen, alikuwa ameshampenda mmoja: Tavion Ridgeway, gadi, yaani mchezaji anayeongoza mpira na kuwagawia wenzake, wa chuo cha Wabash Bend.

Na kijana alipendeka. Pointi ishirini na nne kila mchezo. Alikuwa na ile hatua ya kusita kidogo, beki akadhani amechoka, kumbe keshapita. Orville mwenyewe aliandika: "Mikono ya ajabu. Haogopi mtu." Lakini Tavion alikuwa akipoteza mipira mno.

"Mvivu wa kutafuta wenzake," alisema Halvorsen.

"Kiburi tu," alisema kocha wa Tavion. "Huko mbele watamnyoosha."

Orville alikwenda kumtazama mara kumi na moja. Kila mchezo alichora uwanja kwa penseli na kuweka alama pale mpira ulipopotea. Jumapili moja ya Februari, baada ya kanisa, alizitandaza karatasi zote kwenye meza ya jikoni, akasukuma sahani ya viazi pembeni.

"Aliniita kama nyumba inaungua," anakumbuka Janelle. "'Njoo uone ujinga huu! Mipira thelathini na minane. Thelathini na mitatu imepotelea kushoto. Hebu niambie, ni uvivu gani huo unaokaa upande mmoja?'"

Mara ya kumi na mbili, Orville hakuutazama mpira. Aliitazama shingo. Kila Tavion alipotaka kupasi kushoto, aligeuza kichwa kizima, kidevu mpaka begani. Alipopewa chupa ya maji kutoka kushoto, mkono wake uliipapasa hewa kwanza.

Orville alimpigia simu Halvorsen akiwa bado kwenye maegesho.

"Rick, huyu mtoto haoni kwa jicho la kushoto."

"Ahaa. Basi tusimchukue."

"Nani anazungumzia kuchukua? Apelekwe kwa daktari!"

"Taratibu, mzee. Watapimwa wote mwezi wa tano. Tukisema sasa, wapinzani watajua. Acha wamng'ang'anie wao."

"Mwezi wa tano? Hilo jicho unaliwekea miadi wewe?"

"Kazi yako ni kuandika, Orville. Andika."

Akaandika. Ripoti ya sentensi mbili: "Msimchague. Mpelekeni hospitali." Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu Orville aliwasha gari, huku akijua wazi kwamba timu yake ilimkataza kwenda kwa familia ya mchezaji. Alikwenda hadi Anderson, kwa mama yake Tavion, Charlene Ridgeway, mpishi wa shule.

"Nikafungua mlango, namkuta mzungu mzee kajaa theluji, uso kaukunja," anasimulia Mama Charlene. "Nikamuuliza, 'Nani kakutuma umharibie mwanangu?' Akasema, 'Sijaja kupendwa, mama. Mpeleke akapimwe jicho la kushoto. Wiki hii.' Nikamfungia mlango. Akaendelea kuongea na mlango!"

Lakini Tavion alikuwa nyumbani siku ile. Mama akamkalisha, akamziba jicho la kulia kwa taulo ya vyombo, akanyoosha vidole vitatu mbele ya uso wake.

"Akaniambia, 'Mama, acha utani, nyoosha basi mkono.' Mkono ulikuwa umenyooka."

Wasikilizaji wapendwa, hospitali waligundua kwamba utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umebanduka. Tavion hakumwambia mtu kwa kuogopa kuwekwa benchi. Alipasuliwa kesho yake. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, jicho lingekwenda lote. Uliokolewa uoni kiasi, si wote.

Machi, Orville alifukuzwa kazi. Juni, timu zote zilichagua, na hakuna iliyotaja jina la Tavion Ridgeway.

Kijana alimpigia simu. "Umeniharibia maisha, mzee."

"Najua," alijibu Orville.

Miaka miwili Tavion hakuzungumza naye. Alicheza misimu minne Ubelgiji, kisha akarudi Anderson, ambako anafundisha hesabu na kikapu. Kama angefika mbali zaidi, hatutajua.

Wala Orville hakujiona shujaa. Janelle anasema alijikasirikia mpaka mwisho. "'Nilihesabu mipira miezi mitatu,' alikuwa akisema. 'Miezi mitatu, Janelle! Mtoto alikuwa anapofuka mbele yangu, na mimi nachonga penseli.'"

Jana kanisani, Tavion alisimama kando ya jeneza. Alisema: "Watu elfu tisa walikuja kunitazama kila mchezo. Wote walitaka nifunge. Huyu alitaka nione. Nilichelewa kumshukuru, na nilipomshukuru alinifokea."

Kanisa zima lilicheka, kisha likalia.

Kwako Janelle, na kwa ukoo wote wa Stenzel, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize, bila kujipendelea: ni nani tumemwita mvivu, au mwenye kiburi, na hatujawahi kumuuliza kama anaumwa?