Dkt. Gerlinde Oppermann na Pua Iliyofungwa Angani

Padre, ndugu, majirani wa Hollenrode, na ninyi mliotoka Taasisi mkaketi safu ya pili pamoja na shada lenu la utepe wa dhahabu, mimi ni Volkmar Sievert, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa sababu shemeji hana nguvu ya kusimama, na watoto wamesema wakishika kipaza sauti watapiga kelele kanisani. Jumatatu Taasisi ilituletea, kwa wema wake, historia ya marehemu iliyokwisha kuandikwa, safi kabisa, yenye "changamoto" na "safari ya mafanikio", tukaisoma mezani, kisha Imke, binti yake, akaitumia kuwashia jiko. Hii ninayoisoma ni ya kwetu.

Gerlinde alizaliwa tarehe 11 Februari 1957, katika nyumba ileile iliyo nyuma ya kiwanda cha maziwa hapa Hollenrode, mtoto wa pili wa Heinrich na Adelheid Sievert, wafugaji wa ng'ombe, na tangu utoto alikuwa na pua ya ajabu, akiinamia ndoo ya maziwa anakwambia ng'ombe alikula nini juzi, hata baba akawa anawatania majirani, "Huyu nikimkodisha polisi, mbwa wao wote watakosa kazi."

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari Duderstadt, ambako mwalimu mmoja, simtaji kwa kuwa naye ametangulia, alimwambia baba kwamba binti aliyekulia zizini atatosha sana kuwa karani, baba akamjibu, "Basi njoo wewe ukamue, maana huyu anaondoka." Akaondoka kweli mwaka 1976, akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen kusomea fizikia, na mwezi Juni 1986 akatunukiwa udaktari akiwa na mimba ya miezi saba, joho likiwa limemsimama kwa mbele kama hema.

Alifunga ndoa na Eckhard Oppermann, daktari wa mifugo, tarehe 8 Septemba 1984, katika kanisa hili, na mkesha wake mlikuja wengi wenu mkavunja sahani na vikombe langoni kama ilivyo desturi, mkavunja mpaka beseni la chooni la mzee Kellner, na maharusi wakafagia wakicheka. Mungu akawajalia Imke mwaka 1986 na Henning mwaka 1989.

Kazi aliianza katika Taasisi hii ya utafiti wa anga mwezi Machi 1988, na mwaka 1996 akakabidhiwa kuongoza utengenezaji wa kifaa chenye jina refu ambalo hata yeye hakulipenda, kifaa cha kupanda chombo cha anga, kwenda kuifuata nyota yenye mkia, kuvuta hewa na vumbi linalotoka humo na kutueleza limeumbwa na nini, na kwa kuwa kazi yake ni kunusa wakakiita Pua. Pua zilitengenezwa mbili, zinazofanana kila skrubu, moja ipande juu na nyingine ibaki hapa duniani, ikaitwa Pacha. Wasiojua hudhani Pacha alikuwa wa akiba au wa maonyesho, kumbe ndiye aliyekuwa roho ya kazi, maana kifaa kikishaondoka hakuna fundi wa kukifuata, hivyo kila amri, hata ya kufumba na kufumbua kifuniko, hujaribiwa kwanza kwa Pacha, na Pacha akiumwa, Pua haipelekewi amri hiyo. Sheria hiyo iliwekwa na Gerlinde, na Taasisi nzima iliitii, na alimfunika Pacha kila jioni kwa mikono yake mwenyewe, hata Henning akalalamika, "Mjomba, mama ana watoto watatu, na ni mmoja tu anayefunikwa vizuri."

Pua ilirushwa tarehe 19 Oktoba 2007, ikasafiri karibu miaka kumi, na katika miaka hiyo Gerlinde alikataa vyeo viwili na nyumba moja ya Munich, kwa kuwa hakutaka ifike huko ikose mwenyeji wake. Ilifika Septemba 2017, ikafumbua kifuniko, ikavuta pumzi ya kwanza, na siku hiyo dada yangu alinipigia simu dukani nikiwa nakata nyama, akasema, "Volkmar, inanuka mayai viza na mkojo wa farasi, sijawahi kunusa kitu kizuri hivi!" Wateja walidhani nimefiwa, maana nililia mbele ya soseji.

Sasa nafika mahali ambapo ile historia ya Taasisi iliruka.

Wiki ya nne tangu Pua ifike, Profesa Ansgar Rethwisch, mkurugenzi wa Taasisi, aliamua Pacha apelekwe Berlin kwenye maonyesho, waziri apate kupigwa picha naye. Gerlinde alikataa. Profesa akamwambia mbele ya watu, "Usiwe kuku wa kulalia mayai, mama, ni wiki mbili tu." Gerlinde akamjibu, "Na Pua ikipiga chafya hizo wiki mbili, dawa nitaionjesha nani, waziri?" Watu wakacheka, Pacha akapakiwa. Wiki ya pili ya maonyesho vumbi la nyota likazidi, na Profesa, akiwa Berlin kando ya waziri, akapiga simu kutaka kifuniko kifungwe kwa amri mpya ambayo haikuwahi kujaribiwa, Gerlinde akamwomba Pacha arudishwe kwanza, ni safari ya nusu siku kwa gari na vumbi lingevumilika, akajibiwa, "Hapa kuna wageni, Gerlinde, usinitie aibu." Alipokataa kuituma amri, Profesa alimwamuru msaidizi wa Gerlinde aitume. Kifuniko kikafungwa kabla ya kupashwa joto, kikaganda, hakijafunguka hadi leo.

Pacha alirudi na alama za vidole vya watoto wa waziri na kibandiko cha dubu ubavuni. Gerlinde hakulia, alimsafisha, akaanza kumjaribu, na kabla mwezi haujaisha akapata tiba, chombo kigeuzwe siku moja tu, kifuniko kiangalie jua, kitalegea. Alilithibitisha hilo kwa Pacha mara nyingi mbele ya wenzake. Profesa akasema, "Tukikigeuza, watauliza kwa nini," na hakikugeuzwa, nyota ikaenda zake na mkia wake, na ripoti ikatoka ikisema palitokea "kosa la upande wa uendeshaji". Upande huo ulikuwa na mkuu mmoja, na jina lake liko kwenye jeneza hili. Waswahili wa vitabuni na wakulima wa hapa kwetu wanakubaliana katika jambo moja, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, nasi tumeona jinsi mwanamke mzima alivyotwishwa gunia la misumari akaambiwa atembee wima. Alistaafu 2020, kwenye sherehe wakampa saa ya ukutani. Nina hasira, ndugu zangu, na sitaomba radhi kwa hilo hata mbele ya altare.

Marehemu alianza kuumwa Mei 2022, ikagundulika ni saratani ya kongosho, akatibiwa Göttingen kwa zaidi ya mwaka, na akafariki nyumbani kwake asubuhi ya Ijumaa, tarehe 3 Novemba 2023, Eckhard akiwa amemshika mkono. Wiki ile ya mwisho nilimwambia nitakachowafanya watu wa Taasisi wakithubutu kuja, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Volkmar, usiwatukane. Waambie tu Pacha alikuwa wapi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale wa usiku, majirani sita waliojitolea kubeba jeneza bila kuombwa, na kina mama waliooka keki ya sukari tutakayoila baada ya mazishi. Tunamshukuru pia Thoralf, yule msaidizi aliyeituma ile amri, ambaye kila Alhamisi alileta supu, akakaa kando ya kitanda chake, na akamwomba msamaha, akasamehewa. Huyo ni mtu.

Profesa Rethwisch ameomba kusema machache kaburini. Tumemjibu kwamba anaruhusiwa, ila maneno yake ya kwanza yawe ni wapi alikuwa Pacha siku ile, na mpaka naingia kanisani hajatujibu. Profesa, tutakusubiri hapo kaburini, udongo hautatupwa mpaka useme au uondoke.

Gerlinde, dada yangu, Pacha alikuwa Berlin. Nimewaambia. Kwenye kutotukana nimejitahidi. Lala sasa, upumzike.