Salamu Kwanza, Ufunguo Baadaye: Bi. Mwanawetu Maftah Aondoka Dirishani

Ijumaa tarehe 31 Agosti 1979, Bi. Mwanawetu Maftah alistaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mabasi kwa miaka ishirini na minne. Uongozi umeniomba mimi, Alal, fundi wa breki, niandike maneno machache ya furaha kwa jarida la wafanyakazi. Furaha ipo. Hasira nayo ipo, na kwa kuwa mwaka huu utawala wa wanajeshi umeanguka, na mtu anaweza kuandika alichokiona bila kufuatwa nyumbani, nitaandika zote mbili.

Bi. Mwanawetu ni mtoto wa Kampala, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani. Marehemu babake aliuza vitambaa jirani na uchochoro wa maduka wa Kikuubo. Kwetu alianza kwa kukata tiketi, kisha akapewa chumba cha funguo, chenye dirisha dogo kama la posta, na hapo ndipo alipojipatia jina.

Utaratibu wake haukuandikwa popote. Kila dereva, kabla ya kupewa ufunguo, aliinama dirishani akamwamkia kwa salamu kamili ya kwao: yeye mwenyewe, nyumbani, watoto kwa majina yao, wajukuu, hadi jirani anayeumwa mgongo. Bibi akiitikia mpaka mwisho, ufunguo unatoka. Asipoitikia, hautoki. Wageni walidhani ni adabu tu za watu wa pwani. Madereva walijua kwamba pua ya Bibi iko kazini tangu kwenye "Shikamoo", na kwamba ulimi ulioamkia pombe kali ya waragi haufiki kwa wajukuu bila kujikwaa.

Odur wa njia ya Jinja, ambaye ameniruhusu nimtaje, aliwahi kutafuna karafuu kiganja kizima ili aue harufu. Salamu ikaenda vizuri mpaka alipouliza kama baba wa nyumba naye hajambo. Mume wa Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na Odur mwenyewe alikuwa amelibeba jeneza. Bibi akamjibu kwamba marehemu hajambo, na anamwomba Odur akalale. Tulicheka wiki nzima, na tangu hapo Odur hagusi chupa siku ya kazi.

Sasa hasira. Sheria ilikuwapo miaka yote ile, na imeandikwa vizuri kabisa: anayeendesha abiria akiwa amelewa akamatwe, ashtakiwe, anyang'anywe leseni. Lakini ilimshika dereva asiye na ndugu jeshini tu. Mwenye shemeji kapteni alikunywa hata juu ya usukani, na polisi wakampigia saluti.

Saverio alikuwa na shemeji kapteni. Mchana mmoja wa mwaka 1975 alikuja kuchukua basi la Bombo akiwa ameshika ukuta ili asianguke. Bibi hakuitikia salamu yake. Saverio akaondoka, akarudi na shemeji yake mwenye bastola.

"Wewe mama, hapana sumbua serikali," kapteni alisema. "Leta funguo."

"Hujanisalimu, baba," Bibi akamjibu.

Nilikuwa chini ya basi jirani na nilisikia kila neno. Kapteni hakusalimu. Alivunja mlango kwa buti, akauchukua ufunguo mwenyewe, akampa Saverio. Basi halikufika mbali. Pale sokoni Kalerwe lilipanda juu ya vibanda, likamuua mchukuzi mmoja, na mama muuza simsim aitwaye Alum akakatwa mguu katika hospitali ya Mulago.

Mahakamani ikasemwa kwamba dereva alikuwa mzima na kwamba breki zilikatika. Breki zile nilizifunga kwa mikono yangu hii! Halafu kampuni yetu, kampuni hiihii, ikamsimamisha Bibi kazi kwa kosa la kutoa ufunguo kwa mlevi. Mlevi gani, kama dereva alikuwa mzima? Hakuna aliyethubutu kuuliza, na Alum hakuitwa kutoa ushahidi.

Bibi aliporudishwa kazini, Saverio naye alikuwa amerudi, leseni yake safi. Siku ya kwanza aliinama dirishani akasalimu vizuri sana, hana hata harufu. Bibi alimtazama, akanyamaza. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Kwa Mwislamu, kuacha kuitikia salamu si jambo jepesi, nasi tulimwona Bibi akitoka pale na macho mekundu. Meneja wa wakati ule alitafuta kanuni ambayo Bibi ameivunja asiipate. Kapteni alituma vitisho. Bibi alinyamaza hadi Saverio alipochoka akaenda kutafuta usukani kwingine. Sheria haikumtoa barabarani. Mwanamke mmoja alimtoa katika mabasi yetu, na maisha yake yalikuwa rehani kila asubuhi.

Mngedhani tumejifunza. Siku ya kumuaga, meneja wetu mpya alileta kreti za bia. Mwaka huu ambao mama hapati sukari ya uji wa mtoto, bia imepatikana! Kumuaga mama wa Kiislamu, siku ya Ijumaa, ndani ya yadi, mabasi ya alasiri yakisubiri! Madereva watatu walikunywa, kwa sababu meneja mwenyewe ndiye aliyewamiminia.

Bibi aliweka sahani yake ya pilau chini, akaenda kuketi chumbani mwake. Watatu wale wakaja wakainama, mmoja baada ya mwingine. Kimya. Meneja akafika, hotuba ingali mkononi, akasema glasi moja si ulevi, na kwamba mstaafu hana mamlaka juu ya funguo.

"Jua halijatua, mwanangu," Bibi alisema. "Mpaka magharibi mimi ni mfanyakazi wako."

Kisha akatoka mwenyewe kuwaeleza abiria kwa nini hawaondoki. Walilalamika, na mwenye haki ya kulalamika nani kama si wao. Ndipo mama mmoja akashusha mzigo wake wa ndizi akasema, "Basi sisi tunalala hapa. Kesho tunafika wazima." Wakalala yadini, katika mji huu wa risasi za usiku, wakala pilau ya sherehe. Alfajiri Bibi alirudi, sasa mstaafu kamili, akasikiliza salamu za madereva, akawatolea funguo.

Tangu Jumatatu meneja anataka funguo zitundikwe getini, kila mwenye leseni ajichukulie. Mimi nasema hapana.

Ahsante, Bi. Mwanawetu. Nenda ukapumzike, ule jasho lako kwa afya, wajukuu wakushibe. Kiti chako hakiko wazi. Nimekikalia mimi, na anayetaka kunitoa aje anitoe mbele ya abiria.