Phelista Nekoye, Mpishi Aliyebeba Chakula Chake (1956–2009)

Wapendwa mliofika, mimi ni Lorna Jelimo, mke wa Tonny, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama mkwe wangu, nikisoma polepole mnivumilie.

Marehemu Phelista Nekoye alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Kimilili, Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Nyongesa, na mwaka 1965 familia ilihamia Tongaren, ambako alisoma hadi darasa la saba mwaka 1971.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Bwana Khisa, wakabarikiwa na Tonny na Nelima, na kuanzia mwaka 1984 alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa Kiminini, ambako watoto walimjua kwa githeri yake ya mahindi na maharagwe na kwa mwiko ambao hakumruhusu mtu mwingine kuushika.

Ugonjwa wa utumbo ulimwanza mwaka 2001, daktari akamweleza kwamba hauponi ila hutulizwa, akamkataza maharagwe, mahindi, maziwa na pilipili, yaani karibu kila alichopika, naye akaendelea kukoroga githeri asiyoweza kuionja, akimwita mwalimu wa zamu amwambie kama chumvi imetosha.

Kilichomuumiza kuliko tumbo ni kwamba alipofika arusini au matangani na hotipoti yake ya wali laini na malenge, wenye boma walidhani anaogopa kutiliwa sumu, wengine wakaacha kumwalika, naye kwa aibu hakueleza, akawa anakaa nyumbani akisema ana kazi.

Jumamosi tarehe 20 Desemba 2003 alikuja kwetu, nje kidogo ya Kitale, kuniposa kwa ajili ya Tonny, na baba yangu, Mzee Kimutai, akampa kibuyu cha mursik, maziwa ambayo kwetu mgeni wa posa hayakatai, lakini yeye akakirudisha, akatoa hotipoti mkobani. Wazee walianza kuokota kofia zao, nami jikoni nikajua ndoa yangu imekwisha kabla ya kuanza. Ndipo marehemu akasimama mbele ya wanaume wote, akasema kwamba tumbo lake hutoa damu, kwamba akinywa maziwa atakuwa mgeni wa choo chetu hadi jioni, na kwamba wamkasirikie yeye, si mtoto wake. Mamangu, Peris, alicheka hadi akaketi chini, akaleta kibuyu kipya chenye uji mwepesi wa mchele, akisema ati mgeni ni wa kunywa kwetu, yaliyomo ni shauri la jikoni, na marehemu akanywa wote, wazee wakaketi.

Mimi na Tonny tulioana tarehe 17 Aprili 2004, na tangu hapo marehemu hakukosa sherehe, akifika anauliza choo kiko wapi, kisha anasalimia.

Alizidiwa mwezi Aprili 2009, akalazwa Kitale, akapasuliwa, akatuaga asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Juni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliojifunza kumchemshia viazi kando, na wapishi wenzake, ambao leo wamepika githeri kwa mwiko wake, kwa ruhusa yetu. Mamangu ameleta kile kibuyu, kimejaa uji, kiko jikoni, na yeyote ambaye tumbo lake halitaki githeri akiombe bila haya, choo kiko nyuma ya ghala.

Pumzika, Mama, kwa amani, tumbo limetulia.