Meno Yangu na Mashine ya Jirani

Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Wenye malori wa Kitale, na ninyi mliotoka Bungoma asubuhi hii, nawasalimu kwa jina la Bwana. Nimeambiwa nisihubiri. Sihubiri. Nataka tu kuwaambia jinsi wivu ulivyotaka kunimaliza, na sitataja jina la mtu.

Mnanijua. Nimebeba mahindi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kazi yetu ilikuwa na utaratibu wake: unafika stendi, unapanga lori, unangoja zamu yako. Ukifika kwa mkulima unachukua punje moja, unaiuma. Ikilia kacha, mahindi yamekauka, pakia. Ikibonyea, mwambie aanike tena. Mimi nilisifiwa kwa meno. Wakulima wa Tongaren walikuwa wanasema, ngojeni mzee aje aume kwanza. Hata mke wangu alikuwa anajivunia haya meno, bana.

Halafu kukatokea mama mmoja, jirani yangu huko Kibomet. Alianza na lori moja kuukuu, mbaya kuliko langu. Lakini huyo mama hakuja stendi hata siku moja! Wakulima walimpigia simu, wakamtumia picha ya mzigo, lori likaenda moja kwa moja. Akaweka kile kidude kinachomwonyesha kwa simu lori liko wapi. Akapeleka mahindi Bungoma, akarudi na mbolea au simiti. Mimi nilikuwa narudi mtupu, turubai linapigapiga nyuma. Na juu ya hayo yote alikuwa na mashine ndogo ya kupima unyevu. Anaichomeka ndani ya gunia, inasoma, basi.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, roho iliniuma. Niliujua mlio wa injini yake. Nikiwa mezani, likipita naweka kijiko chini. Mke wangu akaniuliza, "Baba, unakula ama unalinda barabara?" Niliomba lipate pancha. Mungu anisamehe, niliomba kwa magoti. Na siku lilipopata pancha kweli, nilifurahi mpaka nikanunulia watu chai hapo stendi. Waliniuliza ni ya nini, nikasema ni baraka tu.

Cheka tu, mwenyekiti. Hata wewe ulikunywa hiyo chai.

Alipoongeza lori la pili nilishindwa kuvumilia. Nikaenda Tongaren, nyumba kwa nyumba, kwa wateja wake. Nikawaambia ile mashine imetengenezwa idanganye. Ati inasema mahindi yamelowa ndiyo mama awakate bei, tofauti abaki nayo. "Meno yangu yamewahi kuwadanganya?" niliwauliza. Familia sita zikamkatalia, zikanipa mimi mahindi ya msimu mzima, niwalipe kiwanda kikishanilipa. Mmoja wao alikuwa mjane wa mwalimu, ambaye hana shamba lingine wala mshahara.

Siku ya kupakia nikasikia lori la yule mama liko Saboti, linapakia mzigo wa kiwanda cha unga kile kile nilichokuwa naenda, Bungoma. Nikasema leo lazima niingie geti mbele yake. Magunia yalikuwa yamesimama juani, midomo wazi. Nikauma punje za juu, kacha, kacha, kacha. Sikuingiza mkono ndani. Mimi, wa miaka yote hiyo, sikuingiza mkono ndani! Nikaambia wapakiaji wafunge haraka.

Kufika Bungoma, karani akapima katikati ya magunia. Akanirudishia karatasi. "Mzee, haya yamelowa. Toa gari." Nikamwambia nimeyauma mwenyewe. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Nilikaa nje ya geti siku tatu. Nilikuwa naogopa kurudi Tongaren, na simu nilizima. Kila asubuhi nikiingiza mkono kwa gunia, nasikia joto. Mnajua joto hilo linamaanisha nini. Siku mbili zaidi na yale mahindi hata nguruwe wangekataa, na familia sita zingekaa bila kitu kwa sababu ya mdomo wangu.

Lile la Saboti lilikuwa limeshapita na dereva wake; siku ya tatu akaja yeye mwenyewe na lile la pili. Lori lake likapimwa, likaingia, likashusha, likatoka, na mimi nimejificha nyuma ya tairi langu. Mtu mzima na ndevu zake! Akaniona.

"Mzee, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Umekula?"

"Nimekula." Sikuwa nimekula.

Akapanda juu ya lori, akaweka mkono kwa mahindi. Akasema, "Meno yako yalisemaje?"

Aiii. Hiyo ilinichoma, na ilikuwa haki yangu.

Akatoa ile mashine, tukapima gunia moja moja. Yaliyokuwa makavu hayakufika nusu, na hayo akaenda kuyaombea kwa karani yakapokelewa. Kwa yaliyolowa akapiga simu, akapata uwanja wa kanisa karibu pale, akatoa turubai zake mbili, tukashusha huko. Mbolea aliyokuwa arudi nayo ikamngoja. Halafu akaniambia, "Sasa wapigie wenye mahindi waje waanike. Piga wewe. Si mimi."

Simu yangu mnaijua. Ni ya zamani, spika ya sikio ilikufa, ukitaka kusikia lazima uweke sauti ya nje. Nikampigia mjane wa mwalimu. Nikamwambia, "Mama, nilikosea. Mahindi yamelowa, lakini tunaweza kuyaokoa." Akalia. Halafu akasema, na uwanja wote unasikia, "Lakini si ni wewe ulikuja kwangu ukasema tumkatae yule mama? Si ulisema mashine yake ni ya uongo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika pembe ya turubai. Nikangoja anitukane. Nilitaka kabisa anitukane. Yeye akasema, "Shika upande ule, tuvute. Jua linaenda."

Tulianika siku nne. Wenyewe walikuja, tukageuza kwa mikono, mjane akipika chai na hasemi na mimi. Mahindi yakapona, kiwanda kikayachukua yote. Ndugu zangu, ingekuwa ni mimi nimemkuta yeye pale getini, ningempita nikipiga honi.

Nawashukuru wale wa Tongaren, ambao bado wananipigia simu. Namshukuru mke wangu aliyenivumilia na vijiko vyangu. Siku hizi nina mashine yangu, na nikipeleka mzigo Bungoma kuna mtu ananitafutia wa kurudi nao, mnaweza kubahatisha ni nani. Na msidhani wivu umeisha. Wiki jana ameleta lori la tatu, jipya, na kijiko nikakiweka chini vile vile. Tofauti ni kwamba nilivuka barabara nikampa hongera. Ukimwonea mtu wivu, nenda karibu naye uone anavyofanya kazi. Usiende kwa wateja wake.

Lakini kitu kimoja bado. Tangu siku ile ya turubai hajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kusema. Miezi yote hii tunasalimiana, "Sasa mzee", "Salama mama", na lile neno limekaa katikati yetu. Mama, nilikusingizia. Nilijua mashine yako ni ya kweli siku ile ile niliyosema ni ya uongo. Nisamehe.

Sasa naenda kukaa, na naona kiti kilichobaki ni kimoja tu, hapo kando yako mama, na mkoba wako uko juu yake. Nikifika hapo, ukiuondoa nitakaa. Usipouondoa, nitasimama tu, na sitalalamika.