Kanze Aliyeomba kwa Sauti Kubwa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Leo namkumbuka Kanze, fundi cherehani wa Mtopanga, aliyewashonea sare watoto wengi wa Kisauni. Tumemzika Jumamosi. Mimi Gershom nilikuwa naye kanisa moja, tena ushirika mmoja wa nyumbani kila Alhamisi. 

Kanze alikuwa na sauti, jamani! Tulimtania kuwa akiomba Mtopanga, mtaa wa pili, Magogoni, wanaitikia Amina. Alicheka mpaka anashika mbavu.

Ushirika wetu una desturi. Kila mtu ana mwenzi wake wa maombi. Kabla ya kufunga, wawili husimama katikati, wakashikana mikono, mmoja akamwombea mwenzake kwa sauti. Mwenzi wa Kanze alikuwa Agneta, mwalimu wa chekechea aliyetoka bara, mpole, anayesema kidogo. Miaka tisa walikuwa pamoja. Ukimwona mmoja sokoni, mwingine yuko nyuma na kikapu.

Miaka mitatu iliyopita Agneta alipata uvimbe kwenye titi. Daktari akampa tarehe ya upasuaji. Dada yake mkubwa aliwahi kupasuliwa kwa ugonjwa huohuo, na hakurudi nyumbani. Agneta aliogopa, hata hakuwa ameamua kama ataenda. Alimwambia Kanze peke yake. "Usimwambie mtu." Kanze akaapa.

Alhamisi ile zamu yao ikafika. Kanze akamshika mikono, akafumba macho, akazama. Na Kanze akizama kwenye maombi, husahau kama kuna watu. "Bwana, liguse titi la Agneta! Mwondolee hofu ya kisu!"

Tulikuwa watu kumi na wanne mle ndani. Wote tukaitikia Amina kwa mazoea tu. Nami niliitikia, tena kwa nguvu.

Agneta akachomoa mikono yake. "Nilikwambia wewe, Kanze. Sikuwaambia hawa." Akachukua viatu vyake, akatoka peku.

Mtamlaumu? Mimi simlaumu. Jioni hiyo alinitumia ujumbe mimi kiongozi wa ushirika: ushirikani harudi, na hospitali haendi. Kisha akazima simu. Zilibaki siku kumi na mbili tu. Nawaambia kweli, niliogopa. Tulikuwa tumemuumiza, na sasa tungeweza kumzika.

Kanze alifunga cherehani yake. Kila asubuhi alikwenda Magogoni, akabisha mlango wa Agneta mara moja, akaketi kizingitini mpaka adhuhuri. Hakuita. Hakuomba kwa sauti. Kanze huyohuyo, kimya! Jirani, Bi Mastura, alimhurumia akamtolea kibao. "We Kanze, keti hapa, jua lakuunguza. Yuwakusikia huyo, ila ana uchungu."

Siku ya tatu mlango haukufunguliwa. Siku ya saba haukufunguliwa. Siku ya kumi na moja Kanze alinipigia simu akilia. "Gershom, akifa, ni mdomo wangu uliomuua." 

Siku ya kumi na mbili ndiyo ya upasuaji. Haya amenisimulia Agneta mwenyewe, na ameniruhusu niyaseme. Nilimuuliza mara mbili. Anasema alifungua mlango ili amfukuze. Akamkuta Kanze na kikapu: leso mbili za kujifunga, sabuni, chupa ya uji. "Nimekukosea, dadangu," Kanze akasema. "Usipokwenda, nitaketi hapa na wewe. Ukienda, nitaketi huko." Agneta akakipokea kile kikapu. Akarudi ndani. Kisha akatoka, viatu mkononi, akavivaa palepale kwenye kibao cha Bi Mastura.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji Agneta alisema, "Niombee." Kanze akainama, akamnong'oneza sikioni. Hata muuguzi aliyesimama kando hakusikia neno. Agneta alitoka salama. Yuko hai hadi leo, na watoto wa chekechea wanamsumbua kama kawaida. Siku aliporudi ushirikani wakashikana mikono tena, tulicheka na kulia pamoja. Sijapata kuona furaha kama ile kanisani.

Mwezi huu Kanze alipigwa na kiharusi. Sauti yake ikaenda yote. Binti yake, Carolyne, anaeleza: "Mama Agneta aliingia wodini, akamshika mama mikono, akaomba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. 'Bwana, huyu ni Kanze! Ni rafiki yangu!' Wodi nzima iliitikia Amina, Waislamu kwa Wakristo. Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo." Kesho yake Kanze akatutoka. Nilimuuliza Agneta, mtu mpole, ilikuwaje. Akanijibu, "Nilitaka wajue kwamba ana mtu."

Carolyne, poleni sana wewe na jamaa yote. Agneta, pole, dada yetu. Mungu awafariji.

Nawe unayenisikiliza, una mtu wa kukaa mlangoni kwako siku kumi na mbili? Na yupo uliyemuumiza, ambaye mlango wake unaupita ukitazama kando? Nenda leo.

Mimi ninaye. Agneta, ile Amina yangu ya siku ile, miaka mitatu sasa, sijakuomba msamaha. Sitaki kuuomba hapa redioni tu. Nikitoka studio nakuja Magogoni. Bi Mastura, niwekee kile kibao.