Ilianguka Upande Wake

Wasikilizaji wapendwa, mlioko majumbani na mlioko shambani na redio zenu mmezitundika kwenye mti, hapa ni Dodoma na anayezungumza nanyi ni Hana. Leo tunamkumbuka Mzee Marko Matonya wa Makole. Mzee Matonya alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka tisini au karibu yake. Alizikwa Nkuhungu, kwenye shamba lake, na watu walijaa hadi barabarani.

Wengi wenu mlimjua. Mzee Matonya, fundi wa pikipiki. Mzee Matonya, mwalimu wa pikipiki. Mabwana shamba wa mkoa huu, waganga wa zahanati, makatekista, wote wamepita mikononi mwake. Hata mimi. Mwaka 1969 nilikabidhiwa pikipiki ya ofisi, nikaiangusha mara nne kwa siku moja, zote mbele ya posta, watu wakinitazama. Mara ya nne mzee alikuja akasimama kichwani pangu. Hakuniinua. Alisema, "Mama, wewe hukuangushwa na mwendo. Umeangushwa na kusimama."

Ndivyo alivyofundisha. Pikipiki inayokwenda hujisimamia yenyewe, alisema. Huanguka pale inapotaka kusimama. Mgeni wa pikipiki hukamata breki huku usukani umepinda, hapo hapo kalala nayo chini. Mgeni akiona jiwe hulikodolea macho, na macho yakienda kwenye jiwe gurudumu nalo linafuata. Akiingia mchangani hukaza mikono kama aliyemkamata mwizi wa kuku. Akisimama kwenye mteremko hushusha mguu upande wa bondeni, na mguu haufiki chini. Mzoefu haendi hivyo. Mzoefu anajua mguu atauweka wapi kabla hajauhitaji.

Ningependa kuishia hapo, wasikilizaji wapendwa. Niwape pole wafiwa, tusikilize muziki, tuagane vizuri. Lakini mzee aliniachia kanda. Aliizungumza mwenyewe nyumbani kwake, mwezi wa tatu mwaka huu, tukiwa wawili tu. Akaniambia, "Usiicheze mpaka nizikwe." Sasa amezikwa. Mwenye watoto wadogo karibu na redio awatoe nje wakacheze.

Turudi mwaka 1913. Nchi iko chini ya Wajerumani. Matonya ana miaka ishirini na miwili, ana nguvu, anakimbia vizuri. Hapa Dodoma kuna Mjerumani mmoja, msimamizi wa barabara ya kwenda Kondoa. Jina lake halina maana kwetu. Watu walimwita Bwana Miwani, kwa sababu ya miwani aliyovaa kuzuia vumbi. Bwana Miwani ana pikipiki.

Msifikirie pikipiki za leo. Ile haikuwa na gia. Haikuwa na klachi. Ukanda wa ngozi ulitoka kwenye injini ukaenda moja kwa moja gurudumu la nyuma. Kuiwasha, lazima isukumwe. Ikisimama, injini inazimika, na lazima ishikwe. Kwa hiyo Bwana Miwani alichukua watu wawili wenye nguvu wa kuisukuma, kukimbia nayo ubavuni, na kuidaka ikisimama. Barabara yenyewe ilikuwa njia ya wapagazi iliyopanuliwa kwa majembe, na pikipiki haikwenda kasi kumshinda mtu anayekimbia. Watu wawili. Mmoja kushoto, mmoja kulia.

Wa kwanza alikuwa Matonya. Wa pili alikuwa Mbwana, Mrangi wa Kondoa, mtu mrefu, mchekeshaji, ametoka kuoa.

Sasa sikilizeni sheria ya Bwana Miwani. Pikipiki ikianguka kushoto, anapigwa wa kushoto. Ikianguka kulia, anapigwa wa kulia. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, palepale barabarani. Anayeendesha ni yeye. Anayekosea ni yeye. Anayelala kifudifudi ni Mgogo au Mrangi. Mimi nimeisikiliza kanda hii mara sita na bado sehemu hii inanipandisha hasira, na sioni haya kuwaambia.

Goti la kulia la Bwana Miwani lilikuwa bovu, halikukunjika vizuri. Kila akisimama alishusha mguu wa kushoto tu. Kwa hiyo pikipiki karibu siku zote iliangukia kushoto. Matonya na Mbwana wakaliona hilo mapema. Wakapatana wao kwa wao: safari hii wewe kushoto, safari ijayo mimi. Wagawane mapigo. Hayo ndiyo mapatano waliyoweza kuyafanya.

Na wakaanza kujifunza. Ukipigwa kwa kosa la mtu mwingine, utalisoma kosa hilo kuliko anavyolijua mwenyewe. Waliona anavyokaza mikono mchangani. Waliona anavyokodolea mawe. Siku moja Mbwana alijaribu kumsaidia, akasema kwa adabu, "Bwana, legeza mikono." Akaongezewa vitano kwa kumfundisha mzungu.

Baada ya hapo walinyamaza, wakafundisha viganja vyao. Mzee anasema kwenye kanda, "Mwezi wa tatu wa kazi nilikuwa nikiweka mkono nyuma ya kiti, chuma kinaniambia kabla ya Mdachi kujua. Inataka kwenda kushoto. Inataka kwenda kulia. Tunairudisha, yeye haoni chochote, anadhani ni ufundi wake." Pikipiki iliyokuwa ikianguka kila siku ikawa inaanguka mara moja kwa wiki. Wasikilizaji wapendwa, huo ndio uzoefu ambao sisi tulifundishwa bure pale Makole.

Kisha ikaja zamu ya Mbwana kushoto, pikipiki ikaanguka kwenye mawe, Mbwana akala ishirini na tano. Mgongo ulipasuka. Siku kumi baadaye ulikuwa haujafunga, ulikuwa unanuka, shuka ilinata kwenye nyama. Kupumzika haikuwezekana. Aliyekaa nyumbani alihesabiwa mtoro, na mtoro alifungwa mnyororo shingoni. Kwa hiyo Mbwana akaja kazini na mgongo huo.

Walikuwa kambini Haneti, asubuhi, wanajiandaa kuondoka. Matonya alimwambia hivi, na maneno haya aliyarudia mara mbili kwenye kanda: "Ndugu yangu, leo kushoto ni kwangu. Ikianguka, ni mgongo wangu."

Mbwana akajibu, "Mwenyezi Mungu akulipe."

Mwendo wa saa moja kutoka Haneti palikuwa na korongo la mchanga. Bwana Miwani akaingia. Akakaza mikono. Akatazama gogo lililolala katikati. Pikipiki ikapunguza mwendo, injini ikazimika, akashusha mguu wa kushoto, mguu ukazama. Pikipiki ikaanza kulala kushoto. Kushoto alikuwa Matonya.

Sasa nawasomea tulivyozungumza, neno kwa neno.

Mzee alisema, "Nilikuwa nimeishika. Inakuja kwangu. Nikaiinua. Kuna mahali, Hana, pikipiki ikifika haiko kushoto wala haiko kulia, hata mtoto anaweza kuipeleka anakotaka. Mahali hapo nilipajua kwa kiganja. Ningeweza kuiacha isimame. Nikaisukuma."

Nikamuuliza, "Kwenda wapi, mzee?"

"Kwa Mbwana."

"Mlikuwa mmegombana?"

"Hapana. Alikuwa rafiki yangu."

"Labda ulichoka, mzee. Labda mkono uliteleza."

"Usinisaidie, mama. Haukuteleza. Niliogopa. Kushika ili isimame kulikuwa na hatari, pengine ingerudi kwangu. Kuisukuma hakukuwa na hatari yoyote kwangu. Nikaisukuma."

Nataka mlifikirie hilo. Mgeni wa kazi asingeweza kufanya alichofanya Matonya. Mgeni angeiachia ikamwangukia, au angeivuta akaumia naye. Kumwangushia mwenzako pikipiki bila tajiri kuona kulihitaji mzoefu. Kulihitaji miezi mingi, kulihitaji kiganja kile kile ambacho baadaye kilitushika usukani sisi wote.

Bwana Miwani aliinuka akapangusa suruali. Aliuliza swali moja tu: upande gani? Askari wake, Halfani, akajibu, "Kulia, bwana." Mbwana hakubishana. Alivua shuka, na shuka ilitoka na ngozi. Halfani alipouona ule mgongo alisita, akamtazama Bwana Miwani. Bwana Miwani akatoa saa mfukoni akaiangalia. Halfani akaanza kuhesabu.

Kabla ya kiboko cha kwanza Mbwana aligeuza uso akamtazama mwenzake. Akasema, "Matonya, nimeuona mkono wako."

Kufikia kumi na moja alinyamaza kabisa. Halfani aliendelea mpaka ishirini na tano, kwa kuwa amri ilikuwa ishirini na tano.

Na haikuishia hapo. Pikipiki ilikuwa imezama mchangani, na kuitoa kulihitaji watu wawili. Mbwana aliinuliwa, akasimamishwa upande wake wa kulia, akaambiwa asukume. Akasukuma. Mzee anasema alisukuma kwa nguvu zake zote, na injini ilipowaka Bwana Miwani alifurahi, akapiga honi.

Mbwana alirudishwa kambini Haneti. Alikufa siku ya tatu. Aliomba maji, Matonya akampa, akanywa. Akarudisha kibuyu bila kumwangalia.

Matonya ndiye aliyetumwa Kondoa kupeleka habari. Alimkuta mke wa marehemu, Mwantum, anapepeta uwele, ana mimba ya miezi saba. Mwantum aliuliza kilichotokea. Matonya akamjibu kwa maneno matatu: "Ilianguka upande wake." Kila neno hapo ni la kweli, wasikilizaji wapendwa. Nimetangaza habari miaka kumi na miwili na sijawahi kukutana na uongo uliopangwa vizuri namna hiyo.

Wajerumani wakaondoka na vita. Waingereza wakaja na pikipiki zao, na Matonya akawa mtu anayetafutwa. Lakini kila mwaka, baada ya mavuno, alikwenda Kondoa na mbuzi na mzigo wa nafaka kwa Mwantum. Kila mwaka, mpaka Mwantum alipokufa. Mwantum alimwita shemeji. Alimwombea dua. Alimwambia mwanawe, "Huyu ndiye aliyempa baba yako maji ya mwisho." Na Matonya alikaa kwenye mkeka wa mama huyo, akala chakula chake, akaitikia amina.

Mtoto yule aliyekuwa tumboni ni Mzee Yahaya. Yupo, ana miaka sitini na minane. Matonya alimlea kama wake, alimtahirisha kwa mila za kwao, alimfundisha pikipiki. Wiki tatu zilizopita Mzee Yahaya alisafiri kutoka Kondoa kuja mazishini. Alilibeba jeneza. Alilia, tulimwona.

Nilimpelekea kanda kwanza binti wa marehemu, Lydia. Aliisikiliza jikoni kwake Makole. Ilipokwisha alisema, "Baba hakuwahi kumpiga mtoto. Hata kofi. Sisi tukasema ni mpole, tukamsifu kanisani." Nikamuuliza kama niitangaze. Akasema, "Itangaze. Mimi siku hiyo nitazima redio." Kwa hiyo Lydia hanisikii sasa hivi. Majirani zake mnanisikia. Naomba mkae na adabu zenu.

Kisha nikaenda Kondoa. Nikamwamkia Mzee Yahaya shikamoo, akanikaribisha, akaniagizia chai. Nikamchezea kanda. Aliisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nirudishe pale baba yake anapoomba maji. Nikarudisha. Akaniomba tena. Nikarudisha tena.

Kisha akasema, "Alinifundisha kila kitu cha pikipiki. Mchanga, breki, mteremko. Hili hakunifundisha."

Nikamwambia, "Mzee, pengine aliogopa kukupoteza."

Akacheka, kicheko kibaya. "Aliogopa. Si umemsikia? Siku ile aliogopa, na miaka yote hii aliogopa. Angeniambia yuko hai ningemkamata shingo. Amesubiri mpaka amekuwa udongo ndipo anaongea. Hata hapo amenikimbia."

Nikamuuliza kama yale mazao na wale mbuzi hawakuwa kitu. Akasema, "Mama yangu aliwala wale mbuzi akishukuru. Wewe ungependa mama yako ashukuru hivyo?"

Wasikilizaji wapendwa, nilimpenda Mzee Matonya. Kila ninapopita mchangani naisikia sauti yake, nalegeza mikono, nafika salama. Sitajifanya kwamba sikumpenda. Na sitawaambia kwamba kufundisha watu miaka sitini kunafuta kusukuma mara moja. Kila mmoja wenu pale alipo auangalie mkono wake. Aulize ulikuwa wapi siku mwenzake alipoanguka. Wengi wetu tutajisemea kwamba uliteleza.

Kwa Lydia na ukoo wote wa Matonya, Makole na Nkuhungu, poleni kwa msiba. Mungu awatie nguvu, maana misiba yenu imekuwa miwili.

Nilipokuwa naaga pale Kondoa, Mzee Yahaya alinisindikiza mpaka barabarani. Njiani watu watatu walimsimamisha kumpa pole ya kufiwa na baba mdogo, Mzee Matonya. Aliwaitikia wote. Tulipobaki wawili aliniambia, "Wiki tatu nzima nimepokea pole za huyu. Waambie redioni basi. Waambie wanipe ile ambayo sijawahi kupewa."

Mbwana alikufa Haneti, mwaka 1913, siku ya tatu baada ya kipigo. Alikuwa na mke na mtoto tumboni. Hakuna redio iliyomtaja mpaka leo. Mzee Yahaya, mimi na wote wanaonisikia tunakupa pole sana kwa kufiwa na baba yako.