Bhavesh wa Rayners Lane, Muuza Santuri Aliyewafukuza Wateja Wake

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Mlio Thamesmead, mlio Hounslow, mnaokoroga uji wa mtoto jikoni na mliosimama kwenye basi mkirudi kutoka kazini, karibuni nyote. Jioni hii tunamkumbuka mtu mmoja. Tunamkumbuka Bwana Bhavesh, muuza santuri wa Rayners Lane, hapa hapa London. Alitutoka wiki iliyopita, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, Bi Bhavini. Kama watoto wako karibu, waiteni wasikilize. Kisa cha leo kina vigelegele vingi kuliko kilio.

Bhavesh alizaliwa Moshi. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na Kiswahili alikijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuja London akiwa kijana, miaka ya sabini, na baridi ya kwanza ilimkuta amevaa makubadhi.

Bi Bhavini anasimulia huku anacheka na kufuta machozi kwa mkono mmoja. "Vidole vya miguu vimekuwa bluu, lakini kwapani kakumbatia santuri! Nikamwambia, wewe mwanamume, si ungenunua soksi kwanza? Akanijibu, soksi haziimbi."

Basi, huyo ndiye Bhavesh. Miaka michache baadaye wakafungua duka lao dogo karibu na stesheni, limebanwa kati ya duka la dawa na la mboga. Ukiingia unakutana na kila kitu. Taarabu, muziki wa dansi, nyimbo za filamu za Kihindi, na mbele kabisa, santuri ndogo za Kiingereza zilizotoka wiki ile. Watu wa Afrika Mashariki walikuja kutoka kila pembe ya jiji. Wengine hawakununua chochote. Walikuja kusema Kiswahili tu, na Bhavesh aliwapa kiti.

Sasa, vijana wangu, ninyi ambao mnabonyeza simu na wimbo unakuja wenyewe, nisikilizeni. Mwishoni mwa miaka ya themanini, kila Jumapili jioni, redio ilisoma chati. Nyimbo arobaini zilizouzwa kuliko zote wiki ile, Uingereza nzima. Ilianza na ya arobaini ikapanda polepole, mpaka namba moja. Watoto walipiga magoti mbele ya redio, kanda iko ndani, kidole kiko juu ya kitufe, wanasubiri mtangazaji anyamaze ili wanase wimbo bila maneno yake. Hakuna mtu aliyechukiwa katika nchi hii kama mtangazaji aliyeendelea kuongea wimbo umeshaanza. Nalisema hilo huku nikijua kazi ninayoifanya.

Juu ya duka, nyumbani kwa Bhavesh, Jumapili ilikuwa na desturi yake. Kila rafiki alichagua wimbo mmoja kwenye chati na kuuita wake. Ambaye wimbo wake ulishuka kuliko za wenzake, huyo ndiye aliyeosha vikombe vya chai. Bwana Abdulsamad wa Hounslow, Mzanzibari aliyekuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, ndiye aliyeosha mara nyingi.

"Mimi nikipenda nyimbo za mahaba," anasema leo, na sauti yake bado ni ya mtu aliyeonewa. "Za mahaba zikishuka upesi. Sabuni ya nyumba ile naijua mimi kuliko mwenyewe Bhavini."

Walicheka, walibishana, walishangilia. Lakini kwenye chati yote ile, wiki baada ya wiki, hakukuwa na mtu wao hata mmoja. Walishangilia watoto wa watu wengine.

Mpaka alipokuja Haika.

Haika naye alitoka Moshi. Alikuja London kusomea uuguzi na alikuwa akiimba kwenye harusi, kanisani, na kwenye sherehe za hospitali. Kampuni moja ndogo ya muziki ilimsikia, ikamtolea santuri. Wimbo ulikuwa wa kucheza, wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho isipokuwa kibwagizo. Kibwagizo kilikuwa cha Kiswahili, kama jina la wimbo wenyewe: "Kesho Zamu Yangu." Mwenye kampuni alimweleza wazi, tena kwa upole. Wimbo usipoingia kwenye arobaini bora ndani ya wiki mbili, hataweza kumtolea wa pili.

Narudia, wasikilizaji. Wiki mbili. Usipoingia, hakuna wa pili.

Haika alikwenda moja kwa moja kwa Bhavesh. "Nilimwita Baba Duka," anatuambia. "Nilipomaliza kueleza, alisimama juu ya stuli akawatangazia wateja wote. Santuri ya binti yetu! Msinunue kwa mtu mwingine! Njooni kwangu, sote kwa pamoja, tuwaonyeshe!"

Na watu walikuja. Foleni ilivuka duka la dawa. Wauguzi walikuja na sare zao chini ya makoti. Wanafunzi walikuja, kina mama wa kanisani wakaja na kofia zao za Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Bhavesh aliagiza santuri, zikaisha, akaagiza tena. Jioni alimwambia mkewe, "Bhavini, mtoto anaingia. Akikosa namba moja, namba mbili hakosi."

Jumapili ikafika. Sebule ilijaa hadi kwenye ngazi. Redio ikasoma arobaini, ikasoma thelathini, ikasoma ishirini, ikasoma kumi. Ikafika namba moja. Haika hakuwemo. Hakuwemo popote.

"Wametuibia hao!" alisema Priscilla. Priscilla ni Mkenya, muuguzi wa Thamesmead, na hajawahi kusema jambo kwa sauti ndogo. "Sisi tumenunua duka zima, halafu hata arobaini hatuko? Ni nini hii?"

Haika alisema asanteni, akachukua koti lake. Siku hiyo vikombe havikuoshwa na mtu.

Jumatatu asubuhi alikuja yule Mwingereza aliyekuwa akimletea Bhavesh mzigo wa santuri. Bhavesh alimlalamikia. Yule bwana akamtazama, akaweka boksi chini.

"Bhavesh," akamwambia, "huna mashine hapa."

"Mashine gani?"

Hapo ndipo alipoelewa. Chati haikuhesabu santuri zote za nchi. Kulikuwa na maduka yaliyochaguliwa, mengi yao makubwa, na kila moja lilipewa kimashine cha kuingizia namba ya santuri iliyouzwa. Hesabu za maduka hayo ndizo zilizotengeneza chati. Bhavesh alidhani ni kama kura, kwamba popote ulipo, yako inahesabiwa. Lakini duka lake halikuwa na kimashine. Foleni yote ile, wauguzi wote wale, kina mama na kofia zao: kwenye chati, ilikuwa kana kwamba hakuna aliyetoka nyumbani.

Fikirieni, wapendwa. Hakuna aliyefanya hila. Watu walinunua santuri ya mtu wao katika duka la mtu wao, na mapenzi yale yale ndiyo yaliyomficha binti yao.

Bhavesh alipanda ngazi, akakaa kitandani na viatu. "Bhavini, nimemzamisha mtoto wa watu."

"Wiki ya pili haijaisha," alisema Bi Bhavini. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja. "Zilizobaki zilete hapa, zitie uvunguni. Mtu akiikosa kwako, ataitafuta kwingine."

"Nimnyime mteja santuri, na ninayo?"

"Mnyime."

Mtu wa duka, jamani! Mtu aliyelelewa nyuma ya kaunta, aliyefundishwa na baba yake kwamba mteja hatoki mikono mitupu. Aliinuka kitandani. Kisha akashuka, akachukua kipande cha kadibodi, akaandika kwa kalamu nene: SANTURI YA HAIKA HAIUZWI HAPA. NENDA DUKA KUBWA LA MTAANI KWAKO. Akaibandika mlangoni.

Wa kwanza kufika alikuwa Priscilla, ameleta wauguzi wenzake watatu ambao hawakuwa wamenunua.

"Ai! Bhavesh, umelewa ama?" aliuliza. "Nimetoka Thamesmead na hawa wasichana, tumebadilisha treni mpaka tumechoka, sasa unaniambia nirudi?"

"Rudi, dada. Nakuomba."

"Na hiyo naona nyuma yako ni nini?"

Bhavesh aligeuka. Moja ilikuwa imesahaulika kwenye rafu. Akaichukua, akaikalia.

"Siioni," alisema.

Priscilla alicheka mpaka akashika mlango. Alipoelezwa habari ya mashine, hakucheka tena. Jioni hiyo alikaa kwenye simu ya bweni la wauguzi. Alipiga Leeds, akapiga Cardiff, akapiga Glasgow. Kila aliyeinua simu aliambiwa vile vile: nenda duka kubwa la mtaani kwako, omba wakusikilizishe wimbo, ukiupenda nunua.

Bwana Abdulsamad alikuja na wazo lake. "Hebu nipe jina la duka moja lenye hiyo mashine. Nitaingia, nitanunua arobaini peke yangu, tumalize kazi."

"Hakuna anayeambiwa ni maduka gani," alisema Bhavesh. "Hata ningelijua, nisingekwambia. Ukinunua arobaini hujamshangilia Haika, umemdanganyia. Nunua moja. Kama huupendi, usinunue kabisa."

"Mie nisipende? Mie ambaye naosha vikombe kila wiki kwa sababu ya kupenda?"

Alinunua moja. Aliinunua Hounslow, akamlazimisha kijana wa kaunta aipige mara mbili. Wasichana wawili wa Kiingereza waliokuwa wakipita waliingia kuuliza ni wimbo gani huo.

Na hapo, tusijidanganye, ndipo siri ya wiki ile ilipokuwa. Sisi peke yetu tusingetosha. Lakini mtu wetu mmoja aliyeingia dukani Leeds na kuomba kuusikia, aliwasikilizisha wote waliokuwemo. Wimbo ukaanza kutembea wenyewe.

Jumapili ya pili, sebule ilijaa tena. Haika alikaa sakafuni, kichwa kwenye magoti ya Bi Bhavini. Bhavesh hakuweza kukaa. Alishuka dukani, akaacha mlango wa ngazi wazi kidogo, akawa anapanga rafu iliyokwisha pangwa.

Alisikia arobaini. Siye. Thelathini na tisa, siye. Tumaini lao lote lilikuwa pale chini, kwenye zile namba za mwisho, na zilikuwa zinapita moja moja. Alimsikia Abdulsamad akisema, "Bado, bado." Zikapita nyingine. Thelathini na tano ilipopita, alimsikia Priscilla, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo: "Wacha niteleke chai."

Bhavesh aliweka paji la uso wake kwenye rafu. Alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia binti yule akishuka ngazi.

Ndipo dari ilipotikisika.

Vumbi lilidondoka kwenye kaunta. Kulikuwa na miguu, kulikuwa na vigelegele, kulikuwa na kitu kilichovunjika ambacho Bi Bhavini mpaka leo anasema kilikuwa bakuli lake zuri. Haika aliteremka ngazi peku, anaruka mbili mbili.

"Baba Duka! Thelathini na moja! Tumeingia thelathini na moja!"

Kutoka juu, kwenye redio ya taifa, Uingereza nzima ikisikiliza, sauti ya binti wa Moshi iliimba kibwagizo kwa Kiswahili. Huko Leeds na Cardiff na Glasgow, watoto wamepiga magoti, vidole vimebonyeza, wanarekodi Kiswahili. Abdulsamad alitoka mbio mpaka stesheni, akawakumbatia abiria wasiomjua. Mmoja, anasema, alimkumbatia naye akaanza kulia, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Haika alimshika Bhavesh mikono, wakacheza kati ya rafu. Alipoishiwa pumzi alimuuliza, "Kwani wiki hii wewe umeuza ngapi?"

Bhavesh alijinyoosha, akafunga kifungo cha koti kama bwana harusi.

"Hata moja," alisema.

Wasikilizaji wapendwa, Haika alitolewa wimbo wa pili, na wa tatu. Leo anawafundisha watoto kuimba pale Thamesmead, watoto wanaomjibu kwa Kiingereza na kumwimbia kwa Kiswahili. Bhavesh aliuza muziki mpaka dunia ilipoacha kununua muziki dukani, kisha akastaafu, akawa mtu wa bustani na wajukuu.

Bi Bhavini, pokea pole zetu. Pole kwa watoto, pole kwa wajukuu, pole kwa watu wote wa Rayners Lane mliowahi kupewa kiti katika duka lile. Mungu ampumzishe Bwana Bhavesh mahali pema.

Nasi tuliobaki, tujiulize jioni hii. Yupo tunayempenda sana, mwanetu, mdogo wetu, mwanafunzi wetu, ambaye tumemshikilia kwenye mlango wetu wenyewe, tukidhani ndiko kumsaidia? Je, tuna moyo wa kumwambia nenda, na kubaki na rafu yetu tupu, tukiona fahari?

Nilimuuliza Bi Bhavini kama angependa tumkumbuke mumewe kwa kunyamaza kidogo hewani. Aliniangalia kama vile nimemtukana.

"Kunyamaza, Mama? Kwa ajili ya yule?"

Basi hatunyamazi. Sogezeni meza, washikeni watoto mikono. Mtangazaji anakaa kimya sasa, kabla wimbo haujaanza. Haika, imba.